Landrova ya Seremala wa Nshamba

Nathanael Mutalemwa alikuwa seremala, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa Nshamba aliyemjua kwa kazi nyingine. Ukilala kitandani, kitanda chenyewe yeye ndiye aliyekipiga randa. Ukiingia kanisani kwa Walutheri, benchi ulilokalia lilitoka mikononi mwake. Na watu walimtania kwamba ukianza kukohoa mbele yake, anakupima kwa macho ajue jeneza lako litakula mbao ngapi. Hakukasirika. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: kila kitu kigeni alikigeuzageuza mpaka ajue kimeungwa wapi. Mkewe, Kemilembe, alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao, wageni wakicheza ngoma, bwana harusi alionekana amechuchumaa chini ya meza ya kuazima akikagua miguu yake.

Landrova ilimjia bila kuitwa. Ilikuwa masika ya mwaka 1963. Dereva wa idara moja ya serikali alikuwa akitoka Muleba, gari likaanza kutoa moshi mweupe kama chungu cha ndizi, likazimika mbele ya nyumba ya Nathanael. Majirani wakasaidia kulisukuma mpaka uani, nyuma ya kibanda cha mbao. Dereva akashukuru, akasema atarudi Jumatatu na fundi.

Jumatatu ikapita, na nyingine, na mwaka ukapita. Nyasi zikaota kati ya magurudumu. Kemilembe akaanza kuanika maharage juu ya boneti, maana bati lake lilishika joto upesi. Kuku nao waliona kiti cha dereva kinafaa kwa kutagia, na mgeni akisifu mayai ya nyumba ile, Kemilembe alimwambia kwamba wameyapata kwa dereva.

Mwaka 1967 Nathanael alitaka kupanua kibanda chake, na Landrova imekaa palepale alipotaka kuchimbia nguzo. Akaandika barua kuuliza lini watakuja kuchukua mali yao. Jibu lilichukua miezi saba. Lilisema gari hilo ni la mwaka 1954, limekwishafutwa katika daftari, na kama linamsumbua anaweza kulifanya apendavyo.

Alisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda uani na spana ya kuazima. Nia yake, alivyomwambia mkewe, ilikuwa kubandua yale mabati yasiyoshika kutu ayaezekee mbao zake. Lakini ili kubandua bati ilibidi kwanza afungue boneti. Akafungua, akainama, na siku ile hakuna ubao uliopigwa randa. Jua lilipofika utosini Kemilembe akamletea chakula, akamkuta ameshika kipande kimoja cha chuma, anakigeuza taratibu.

“Wewe unajua magari?” akamwuliza.

“Sijui. Lakini hili limefungwa na watu. Kilichofungwa na watu kinafunguka.”

“Na kufungika tena je?”

Nathanael akasema hilo ndilo analotaka kulijua.

Basi akaanza. Hakuwa na kitabu wala mwalimu, ila alikuwa na desturi ya useremala, na akaifuata ileile. Alichukua mbao pana za mti wa msizi, akatoboa matundu, na kila skrubu na kila nati iliyotoka akaiweka katika tundu lake, kwa mpangilio uleule iliokuwa nao kwenye gari. Pembeni ya tundu alichora kwa penseli umbo la kitu kilichotoka hapo. Baada ya miezi mitatu mbao zilikuwa kumi na moja, zimeegemea ukuta wa kibanda, na wapita njia walichungulia wakauliza anacheza bao na nani. Kuku walihamishwa kwa heshima. Kiti chenyewe Kemilembe alikiosha mara nne.

Kazi ilikwama kwenye injini. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu, hazipandi wala hazishuki. Akazimiminia mafuta ya taa, akangoja wiki, akagonga kwa nyundo ya mbao, akangoja wiki nyingine. Na hata zingetoka, gasketi iliyoungua ingetoka wapi? Alipanda basi mpaka Bukoba, akazunguka maduka yote ya vipuri, na kote walimcheka kwa upole wakamwambia gari hilo ni la zama za Waingereza. Ila mzee mmoja aliyekuwa akiziba matairi karibu na soko alimshauri aende Kitendaguro, akamwulize Bi Sada.

Bi Sada alikuwa mjane wa makamo, Mwislamu, mwenye nyumba ya bati katikati ya kibanja kidogo cha migomba na kahawa. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa magari, na alikuwa na kawaida ya kulala chini ya gari akinyoosha mkono na kuita kitu anachotaka, naye mkewe anampa. Miaka kumi na sita alimpa. Alipofariki, watu walitaka kununua vipuri vyake kwa kilo, kama chuma chakavu, mama huyo akawafukuza. Nathanael alipoingia chumba alimovihifadhi Bi Sada alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia kanisani. Vipuri vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, vimepakwa mafuta, vimefungwa kwa karatasi na kamba za mgomba.

Akaeleza haja yake. Bi Sada alipanda kigoda, akateremsha kitu kilichoning'inia ukutani, akafungua karatasi. Ilikuwa gasketi nzima, ya shaba, inang'aa kama sahani ya Idi.

“Umefungua wapi na wapi?” akauliza.

“Kote, Bi Sada.”

“Kote? Na utarudishaje?”

Nathanael akamweleza habari za mbao zake na matundu. Mama yule akacheka, cheko la mtu ambaye hajacheka vizuri siku nyingi. Akasema kufunga injini hajui, hajawahi kushika spana, lakini anajua kila kimoja kinakaa jirani na nani, maana mumewe aliviita kwa zamu, na zamu ile anaikumbuka kama anavyokumbuka sala.

Wiki mbili baadaye Bi Sada aliteremka kwenye basi pale Nshamba na wifi yake na kikapu kizito. Walipokelewa na Kemilembe, wakakaa siku tisa. Pistoni zilikuwa zimekwisha kulegea siku mbili kabla, moja baada ya nyingine, na Nathanael alikuwa bado akitembea kama mtu aliyepata mtoto. Sasa yeye alilala chini ya gari, Bi Sada akakaa juu ya gunia kando ya mbao zilizotobolewa, macho ameyafumba, akitaja: ringi hii, kisha ile, kisha beringi, upande wenye alama utazame mbele. Kemilembe alikuwa akipita na maji akasimama kusikiliza. Siku ya tatu akawa yeye ndiye anayepokea kutoka kwa Bi Sada na kumpa mumewe. Jioni wanawake hao walimenya ndizi pamoja, wakizungumza mambo yasiyohusu magari hata kidogo, na Nathanael akiwasikia kutoka kibandani wakicheka alijua anayechekwa ni nani.

Kilichokosekana hata kwa Bi Sada ni bushi za springi, vile vipande vidogo vinavyozuia chuma kisisagane na chuma. Hapo seremala alirudi kwenye fani yake mwenyewe. Alichonga kumi na mbili kwa mvule mkavu wa miaka mingi, akazichemsha katika samli siku nzima, akazigongomea. Kijiji kizima kilinuka samli. Bi Sada alizikagua kwa kidole, akasema marehemu angezikataa kwanza, kisha angeomba aonyeshwe zilivyotengenezwa.

Katika siku zile ndipo alipokuja Projestus Kamugisha, mwenyekiti wa tawi la TANU. Kamugisha alikuwa Mkatoliki, mtu mwadilifu, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni, na tangu Azimio la Arusha alilichukulia jukumu lake kama kiapo. Alikuja na daftari. Akasalimia, akakataa kukaa, akatafuna punje mbili za kahawa alizopewa kwa desturi ya kumkaribisha mgeni, ili asionekane ana chuki.

“Bwana Mutalemwa, watu wanauliza kama seremala mwenye gari bado ni mfanyakazi, au amekwisha kuwa bepari.”

Nathanael alilifikiria swali hilo kwa dhati, kama alivyofikiria kila kitu. Kisha akajibu kwamba kwa sasa hana gari, ana vyuma ndani ya matundu. Likitembea, mwenyekiti arudi aulize tena, na yeye atakuwa amepata jibu.

Kamugisha akaandika. Kisha akasogea kuchungulia ndani ya gari, kwa ajili ya taarifa tu. Mkono wake ukaenda kwenye gia, ukaijaribu. Akaketi kidogo kwenye kiti. Mguu wake wa kushoto ukakanyaga klachi wenyewe, bila kutumwa, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu mwingine. Akasema kwa sauti ya chini kwamba aliendesha malori ya jeshi kule Burma, kwenye matope mpaka mlangoni, na kwamba tangu aliporudi mwaka 1946 hajawahi kushika usukani. Nshamba nzima haikuwa na habari. Alikaa pale mpaka jua likashuka, na kesho yake alirudi bila daftari, amekunja mikono ya shati.

Tangu hapo kazi ikawa na watu wawili. Kamugisha alijua breki, alijua kabureta, alijua jinsi ya kusikiliza. Nathanael alijua kungoja. Walisumbuana kwa furaha. Yule mmoja akisema “inatosha”, mwingine alisema “bado nusu mzunguko.” Viti vikashonwa upya, vikajazwa sufi, na juu vikavikwa mbugu, vazi la gome la mti walilovaa mababu, ambalo mzee mmoja wa kijiji bado alijua kuligonga. Kamugisha alisema hapo ndipo gari lilipochukua uraia.

Siku ya kuwasha ikapangwa: Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1970, asubuhi. Mwaliko ulitangazwa kanisani kwa Walutheri na parokiani kwa Wakatoliki, rubisi, pombe ya ndizi, ikaandaliwa, na Kemilembe akatandika nyasi mpya uani kama anayepokea wakwe.

Asubuhi ile senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, wakashuka. Manyunyu yalikuwa yameanguka alfajiri, na kulipopambazuka nyasi zote za mbuga zilikuwa kijani mara mbili. Nshamba ikahama. Wazee, watoto, katekista, kwaya nzima, wote walikimbilia nyasini na vikapu na vibuyu. Kemilembe alisimama mlangoni akitazama gari, akatazama mbuga, akamwambia mumewe kwamba Landrova imengoja miaka saba lakini senene hawangoji, akajifunga kanga, akaenda.

Wakabaki wanaume wawili na mama yake Nathanael, Ma Kokwijuka, aliyekuwa amepita miaka themanini na ambaye magoti yake hayakuweza tena kufukuza senene. Aliketi juu ya kigoda, fimbo mapajani. Katika muda wote ule hakuwahi kusema neno, zuri wala baya, kuhusu kazi ya mwanawe.

Kamugisha akapanda kitini. Nathanael akachomeka hendeli mbele ya gari, akaizungusha. Kimya. Akazungusha tena, injini ikakohoa. Mara ya tatu hendeli ilirudi kwa nguvu ikamponyoka. Kamugisha akamfundisha namna ya kushika, kidole gumba kikae upande mmoja na vingine. Mara ya sita, ya saba, jasho linamtiririka. Mara ya tisa ikatoka sauti kama ya mbwa mkubwa, moshi mweusi ukafunika uani, kuku wakaruka mpaka juu ya paa, na baada ya hapo sauti ikatulia, ikawa mngurumo mmoja wa sawasawa, usiokatika.

Nathanael alisimama na hendeli mkononi. Alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Kamugisha aliuacha usukani, akavua kofia, akaivaa tena.

Ma Kokwijuka aliinuka. Akajikongoja mpaka kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akausikiliza mtetemo kwa mkono.

“Mutalemwa,” akasema, “hili linaweza kufika Ngenge?”

Huko Ngenge, chini bondeni, aliishi mdogo wake wa mwisho, Joviana. Alihamia huko mwaka 1964 na wanawe, wakati vijana wasio na vibanja walipokwenda kufungua mashamba mapya. Njia ya kushuka ilikuwa ya mawe na makorongo, mwendo wa kutwa kwa kijana mwenye miguu yake. Kila mmoja wa kina mama hao alikuwa amekwisha kusikia mara kadhaa kwamba mwenzake amefariki, akalia, kisha akaambiwa sivyo. Nathanael hakujua kwamba kwa miaka mitatu mama yake alikuwa akikaa pale kwenye kigoda akipiga hesabu ya mlima ule.

“Litafika, mama,” akasema.

Sauti ya injini ilikuwa imefika mbugani. Watu walikuja mbio, vikapu vimejaa, senene wakiruka kutoka kwenye nguo zao. Walicheza kuzunguka gari mpaka saa nane, wakala senene wa kukaanga kwa rubisi, na Kamugisha, alipoulizwa kuhusu ubepari, alisema suala hilo bado linachunguzwa na yeye mwenyewe ndiye mchunguzi.

Haikuwa kazi ya siku moja kuwa tayari kwa safari. Nathanael alijifunza kuendesha kwenye mbuga, akiwatisha ng'ombe. Gari likapelekwa Bukoba likakaguliwa, likaandikishwa, naye akapata leseni. Siku hiyohiyo akapita Kitendaguro kumchukua Bi Sada. Mama huyo alikaa mbele, mikono mapajani, macho amefumba, wakazunguka mpaka ufukweni na kurudi. Njia nzima alikuwa akisikiliza injini. Waliporudi mlangoni akamwambia Nathanael kwamba plagi ya tatu haichomi vizuri, akaingia ndani, akatoa nyingine katika karatasi yake. Kisha akamwomba wazunguke tena.

Wakaenda Ngenge mwezi wa Januari. Nathanael usukanini, Kamugisha kando yake, nyuma Ma Kokwijuka na Kemilembe, mkungu wa ndizi, kibuyu cha rubisi na furushi la kahawa ya kutafuna. Penye mteremko Kamugisha akamwonyesha kuvuta ile gia fupi yenye kishikio chekundu, na gari likashuka taratibu juu ya mawe, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba sahani. Bushi za mvule zililia lakini zilishika. Ma Kokwijuka aliimba njia nzima, nyimbo za kupeleka bibi harusi.

Kule bondeni watu wa kijiji cha ujamaa walikuwa katika shamba la pamoja la mahindi. Walipoona Landrova inakuja na vumbi lake hawakuwa na shaka: ni serikali. Katibu wa kijiji akatupa jembe, akakimbia kuchukua faili, akarudi anafunga vifungo. Watu wakajipanga mistari miwili, makofi na wimbo vikaanza. Gari likasimama. Kamugisha, kwa bahati mbaya, alionekana kiongozi hasa, na katibu akaanza kumsomea taarifa ya ekari na mbegu. Kamugisha aliisikiliza mpaka mwisho, maana hakutaka kumvunjia heshima, na akaipongeza. Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, akateremshwa mwanamke mzee mwenye fimbo.

Katika mstari wa wanawake jembe moja lilianguka. Joviana alikuwa na miaka sabini na mitano, mkavu, mwepesi. Alikuja mpaka mbele ya dada yake, na kama adabu inavyotaka kwa mdogo, akapiga magoti kumsalimia. Ma Kokwijuka akamwambia aache, naye sasa ni mzee, ainuke. Mdogo hakuinuka. Basi mkubwa naye, akishika fimbo, akashuka, goti moja, la pili, wakawa wote wawili chini vumbini, wameshikana mikono, wakisalimiana kwa zamu ile ndefu ya kuulizana habari za mji, za watoto, za migomba, za waliokwenda.

“Niliambiwa umekufa,” akasema Joviana.

“Na mimi niliambiwa wewe. Nilikulilia vizuri sana.”

“Asante, dada.”

Walipotaka kusimama wakashindwa. Magoti ya mmoja yalikataa, na ya mwenzake hayakuweza kusaidia. Walitazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakaegemeana vichwa, na kadiri walivyocheka ndivyo nguvu zilivyozidi kuwaishia. Ilibidi Nathanael na katibu wa kijiji wawainue, mmoja mmoja, na watu wote wa mistari miwili walikuwa wakicheka na kulia.

Ma Kokwijuka alikataa kurudi. Alisema waje wamchukue baada ya mwezi, na nafasi yake nyuma wampe yeyote apendaye. Wakapatikana watu sita na mbuzi. Walipoumaliza mlima na kufika kwenye mbuga ya juu, tambarare, Kemilembe alimgusa mumewe begani akasema sasa ni zamu yake yeye kushika usukani. Nathanael alimtazama. Akasimamisha gari, akahamia nyuma kwa mbuzi. Kamugisha akamwelekeza Kemilembe, klachi, gia, taratibu, na gari likaruka mara mbili kama chura, kisha likaenda.

Waliingia Nshamba siku ya soko, Kemilembe usukanini, kanga imefungwa kichwani, macho mbele. Kusimama alikuwa amefundishwa, lakini aliona hakuna haraka. Akalizunguka soko mara moja, watu wakiacha vikapu vyao na kusimama, akalizunguka mara ya pili, na nyuma Nathanael akamwambia Kamugisha amwache, kwa maana mafuta bado yapo.